H, L au LL? Kulitambua jiwe la kimondo, na kipimo kipi kinastahili kulipiwa

Chukua mawe mawili. La kwanza lilianguka Thika, Kenya, asubuhi ya Julai 16, 2011, likaokotwa lingali na ganda lake jeusi. Ndani ni la kijivu cheupe kama saruji iliyokauka, na chembe za chuma zinametameta humo. La pili linatoka Jiddat al Harasis, jangwa la katikati ya Oman, kwenye kundi la mawe ambalo orodha za vimondo huliita Jiddat al Harasis 073. Limelala juani na mchangani maelfu ya miaka. Ni la kahawia nje na ndani, nyufa zake zimejaa kutu, na chuma chake karibu chote kimekwisha. Mwonyeshe mtu yeyote, atakuapia kwamba haya ni mawe ya aina mbili. Maabara inasema yote mawili ni L6, yaani aina moja kabisa.

Kinyume chake pia hutokea kila siku. Mawe mawili ya jangwani, yote ya kahawia, yote mazito, yote yanavutwa na sumaku kwa nguvu ileile, yanapelekwa kupimwa na kumbe moja ni H5 na lingine ni L6. Hayo hayakutoka hata kwenye asteroidi moja, yaani mwamba mmoja unaolizunguka jua.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana jiwe mkononi, liwe la shamba la Machakos au la safari ya Dhofar, kusini mwa Oman, na anataka kujua mambo mawili: jiwe lake linaangukia wapi kati ya H, L na LL, makundi matatu ya vimondo vya mawe vya kawaida, na katika vipimo vyote anavyoshauriwa, kipi kitampa jibu na kipi kitamlia pesa tu. Msimamo wangu nautoa mapema: chuma cha jiwe hubadilika likishafika ardhini, lakini olivini, moja ya madini yake makuu, hukaa vilevile kwa muda mrefu sana. Kipimo kinachosoma olivini ndicho cha kulipia. Vingine ni vya kukusaidia kuamua kama safari ya maabara ina maana.

Kabla ya herufi: ni kimondo kweli?

Kwetu Afrika Mashariki adui wa kwanza ni mavi ya chuma. Watu wa Kagera, Wahaya wakiwemo, walifua chuma kwa karne nyingi, na sehemu nyingi za bara zilikuwa na matanuri yake, kwa hiyo mashamba yamejaa mabaki meusi, mazito, yanayovutwa na sumaku. Yavunje uone: ndani yana vitundu vya mapovu kama mkate. Kimondo cha mawe karibu kamwe hakina mapovu ndani. Hiyo peke yake huondoa zaidi ya nusu ya mawe ninayoonyeshwa.

Adui wa pili ni madini ya chuma ya kawaida, magnetiti na hematiti. Hapa tumia mgongo wa kigae cha bafuni, ule upande usio na rangi wala mng'ao. Sugua jiwe kwa nguvu. Hematiti huacha mstari mwekundu wa kahawia, magnetiti huacha mweusi. Kimondo kibichi huacha mstari hafifu au hakiachi kitu, ingawa kilichooza kwa kutu kinaweza kuacha wa kahawia, kwa hiyo kipimo hiki ni cha kutilia shaka na si cha kuhukumia.

Kisha sugua pembe moja kwa msasa mpaka pawe laini kama ukucha wa kidole gumba. Mafundi wengine hukiita kidirisha. Ukiona chembe za chuma kinachong'aa zimetawanyika ndani ya mwamba, na pengine viduara vidogo vya madini, hapo una sababu ya kuendelea. Viduara hivyo ndivyo kondruli, matone ya mwamba ulioyeyuka na kuganda angani zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita. Mawe yenye kondruli huitwa kondraiti, na zile za kawaida, yaani H, L na LL, ni zaidi ya asilimia 80 ya vimondo vyote vinavyoonekana vikianguka. Ndiyo maana ulinganisho huu umejikita kwao.

Herufi tatu zikiwa bega kwa bega

Mwaka 1953 Harold Urey na Harmon Craig walipanga uchambuzi wa kemia wa vimondo vya mawe wakaona vinajigawa kwenye makundi mawili kwa wingi wa chuma. H ni yenye chuma kingi, L ni yenye chuma kidogo. LL ilitenganishwa baadaye: chuma kidogo kwa jumla, na kidogo zaidi kilicho huru kama metali.

| | H | L | LL |
|---|---|---|---|
| Chuma chote, asilimia ya uzito | karibu 27 | karibu 22 | karibu 19 |
| Metali huru, asilimia ya uzito | 15–19 | 4–10 | 0.3–3 |
| Fa ya olivini | 16–20 | 22–26 | 27–32 |
| Fs ya pirokseni | 14.5–18 | 19–22 | 22–26 |
| Uzito kwa sentimita ya ujazo | karibu gramu 3.4 | karibu 3.35 | karibu 3.2 |
| Mfano | Pultusk, Poland, 1868 | Thika, 2011 | Chelyabinsk, Urusi, 2013 |

Mistari miwili ya katikati ndiyo moyo wa jambo. Olivini ni madini ya magnesiamu, chuma na silika. Katika kila chembe, magnesiamu na chuma hugombea viti vilevile. Fa, kifupi cha fayaliti, ni hesabu ya viti: katika kila viti 100, vingapi vimekaliwa na chuma. Fs ni hesabu hiyohiyo kwa upande wa pirokseni, madini mengine ya magnesiamu, chuma na silika. Jiwe la Fa 18 ni H, la Fa 24 ni L, la Fa 29 ni LL, na baina yake kuna pengo dogo ambalo mawe machache hukwama humo yakaandikwa H/L au L/LL.

Sasa tazama jedwali tena uone jambo linaloshangaza: kadiri metali inavyopungua kutoka H kwenda LL, ndivyo chuma ndani ya olivini kinavyoongezeka. George Prior wa jumba la makumbusho la Uingereza aliliona hilo tangu 1916. Sababu ni oksijeni. Palipokuwa na oksijeni zaidi wakati mawe haya yanaumbika, chuma kingi kilioksidika na kuingia kwenye madini, na kidogo kikabaki metali. Kwa hiyo Fa inakusimulia jiwe lilizaliwa katika hali gani. Metali uliyoiona kwenye kidirisha inakusimulia hilo pia, ila imechanganywa na habari za mvua, umande na chumvi za ardhini.

Mbali na olivini na pirokseni, mawe haya yote matatu yana orodha moja ya madini: kamasiti na teniti, ambazo ni aloi za chuma na nikeli, troiliti, salfidi ya chuma yenye rangi ya shaba iliyofifia, plajioklesi, madini ya silika na aluminiamu, kromiti, na fosfati kidogo. Usijisumbue kutafuta madini ambayo H inayo na L haina. Tofauti ni kiasi na kemia, hakuna aliye na kitu ambacho mwenzake hana kabisa. Kobalti ndani ya kamasiti ndiyo shahidi wa pili mzuri: karibu nusu ya asilimia kwa H, chini kidogo ya moja kwa L, na zaidi ya hapo kwa LL.

Tarakimu inayofuata herufi

Tangu 1967, kwa mpango wa Randall Van Schmus na John Wood, herufi hufuatwa na tarakimu. Kwa kondraiti za kawaida ni 3 hadi 6, na inaeleza jiwe lilipikwa kiasi gani ndani ya asteroidi yake. Katika aina ya 3 kondruli ni kali, zimechorwa kama mbegu ndani ya papai. Katika aina ya 6 joto la mamia ya nyuzi limefuta mipaka, kondruli zimeyeyukia mazingira yake, na plajioklesi imekua hadi chembe zake kuzidi maikroni 50 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Thika ni 6. Mbale ya Uganda, iliyoanguka Agosti 14, 1992, ikanyunyiza mamia ya mawe juu ya mji na mashamba, iliandikwa L5/6, maana inasimama mpakani. Kipande cha Mbale cha gramu tatu hivi kilipita kwenye majani ya mgomba kikampiga kijana kichwani bila kumdhuru, na jiwe kubwa kuliko yote lilikuwa na kilo 27. Yote hayo ni mwamba mmoja uliopasuka angani, kwa hiyo kupima kipande kimoja au viwili kulitosha kwa yote.

Kwa mwenye jiwe, aina ya 3 ni habari njema na ni tatizo. Ni habari njema kwa sababu ni adimu, na wanasayansi wanaitamani: imehifadhi vumbi la mwanzo la mfumo wa jua karibu kama lilivyokuwa. Semarkona, iliyoanguka India mwaka 1940, ndiyo kipeo cha aina hii, LL3.00, yaani karibu haikupikwa kabisa. Tatizo ni kwamba katika aina ya 3 olivini haijafikia mwafaka. Chembe moja ina Fa 2, jirani yake ina 35. Huwezi kuchukua wastani ukaliweka jiwe kwenye jedwali la juu. Hapo herufi hutafutwa kwa wingi wa metali, ukubwa wa kondruli na wakati mwingine isotopu za oksijeni. Kwa hiyo mtu akikuletea jibu la Fa moja tu bila kusema imepimwa chembe ngapi na zilitofautiana kiasi gani, mrudishe.

Vipimo: kipi ukitumie, kipi ukiache

*Sumaku au dira.* Nitakaa hapa kidogo kwa sababu madhara yake hayaonekani. Kila mtu anashauriwa abandike sumaku, na siku hizi zile sumaku ndogo za neodimiamu zenye nguvu zinapatikana kila duka la vifaa. Vimondo vingine vimebeba kumbukumbu ya uga wa sumaku uliokuwepo mabilioni ya miaka iliyopita. Ukigusisha neodimiamu mara moja, kumbukumbu hiyo inafutika na hairudi. Imeshatokea kwa mawe ya thamani kubwa, yakiwemo ya sayari ya Mirihi. Tumia dira. Lisogeze jiwe polepole kando ya sindano. Ikiyumba, jiwe lina metali au magnetiti, na hicho ndicho tu ulichotaka kujua. Dira ya simu pia inafaa, ingawa ya sindano ni nyepesi zaidi kusoma.

Maabara zina kifaa kinachopima mwitikio wa sumaku bila kudhuru chochote, na kwa mawe mabichi kinatenganisha H, L na LL vizuri sana. Kwa logariti inayotumika huko, H hukaa karibu na 5.3, L karibu na 4.9, LL karibu na 4.1. Kwa jiwe la Thika ningekiamini. Kwa la Oman, hapana. Kutu ikila metali, H husomeka kama L, na L husomeka kama LL.

*Mizani na maji.* Lipime jiwe kavu, kisha lipime likining'inia ndani ya maji, ugawanye uzito wa kwanza kwa tofauti ya hizo mbili. Graniti itakupa karibu 2.7, basalti karibu 3. Ukipata 3.3 na zaidi pamoja na chembe za metali, umefanya kazi nzuri bila kutoa hata senti. Lakini usijaribu kuchagua herufi kwa njia hii. Tofauti ya 3.4 na 3.35 ni ndogo kuliko kosa la mizani ya dukani, na nyufa za jiwe zinavuruga. Na kama jiwe limeokotwa likiwa bichi baada ya kuonekana likianguka, usilitie majini kabisa. Lifunge kwenye karatasi ya alumini, liweke pakavu.

*Bunduki ya XRF.* Ni kifaa cha mkononi kinachosoma elementi za jiwe kwa eksirei. Wanunuzi wa dhahabu wanazo, na wengi wanakubali kupima jiwe kwa ada ndogo. Inafaa kwa jambo moja: nikeli. Kondraiti ina nikeli ya asilimia 1 hadi 1.8 hivi, mavi ya chuma na mawe ya nyumbani hayafiki huko. Ukipata hiyo, jiwe lina haki ya kwenda mbele. Ila usimruhusu mwenye mashine akuambie ni H kwa kuwa chuma kimesomeka 27. Mwale wake unasoma ngozi tu, na ngozi ya jiwe la jangwani imejaa kutu, chokaa na vumbi. Mawe ya Oman huingiziwa hata strontiamu na bariamu kutoka ardhini.

*Kipande chembamba na hadubini.* Fundi hukata ubapa, akaubandika kwenye kioo, akausaga mpaka unene wa milimita 0.03, mwanga ukapita. Kwenye hadubini yenye vioo vya polaroidi olivini huwaka rangi za bluu, waridi na manjano. Hiki ndicho kipimo kinachotoa tarakimu, yaani 3 hadi 6. Hutoa pia daraja la mshtuko, S1 hadi S6: olivini iliyotulia huzimika yote kwa pamoja unapozungusha meza, iliyogongwa huzimika vipandevipande, na kwenye S5 plajioklesi imegeuka kioo kiitwacho maskeliniti. Hutoa pia daraja la kutu kutoka W0 ya jiwe lililookotwa siku ileile. Kwenye W2 kutu imekula asilimia 20 hadi 60 ya metali, na kwenye W4 imekula zaidi ya 95. Herufi haitoi kwa uhakika.

*Maikroprobu ya elektroni.* Mwale mwembamba wa elektroni unalenga chembe moja ya olivini, upana wa maikroni chache, na kuhesabu chuma na magnesiamu yake. Kisha chembe nyingine, na nyingine. Hii ndiyo inayosoma Fa na Fs. Ndicho kipimo cha gharama kubwa kuliko vyote nilivyovitaja, na ndicho cha pekee ninachosema usikiruke. Hutumia kipande kilekile kilichosagwa, kikiwa kimeng'arishwa juu bila kufunikwa na kioo. Mwambie fundi hivyo tangu mwanzo, la sivyo utalipia kukata mara mbili.

Ukilazimika kuchagua kwa pesa kidogo, mpango wangu ni huu: dira, kigae, msasa na mizani nyumbani, XRF kwa nikeli kama iko jirani, kisha kipande kimoja kilichong'arishwa, kipite kwenye hadubini na maikroprobu. Ruka yote ya katikati.

Jibu likirudi

Tuseme jiwe la kahawia la jangwani limerudi na karatasi hii: olivini Fa 24.8, chembe 15 zilizopimwa hazitofautiani kwa zaidi ya nukta chache. Pirokseni Fs 20.9, kobalti ya kamasiti asilimia 0.8, plajioklesi imezidi maikroni 50, olivini inazimika kwa vipandevipande hafifu, metali imebaki katika punje chache tu ndani ya troiliti.

Fa na Fs zote zinaangukia L, na kobalti inakubali. Chembe kufanana kunatuambia si aina ya 3. Plajioklesi inatupa 6. Kuzimika kwa vipande ni S4, na metali kuisha ni W4. Jina la ukoo: L6, S4, W4. Mshtuko huo haushangazi. Asteroidi mama ya L ilivunjwa na mgongano mkubwa miaka milioni 470 hivi iliyopita, na Sweden kuna vimondo vya wakati huo vilivyogeuka visukuku ndani ya mawe ya chokaa. Jiwe hilohilo, kwa mwitikio wa sumaku peke yake, lingeandikwa LL.

Mawe ambayo jedwali halina nafasi yao

Usilitupe jiwe kwa sababu dira haikuyumba. Mwaka 1899 kusini mwa Tanzania kulianguka Peramiho, jiwe la gramu 165 lisilo na kondruli na karibu halina metali. Ni yukraiti, mwamba wa volkano wa pirokseni na plajioklesi yenye kalsiamu nyingi, na ukoo wake unahusishwa na asteroidi Vesta. Mawe ya Mwezi yaliyookotwa Oman pia hayavutwi sana. Kwa mawe kama haya dalili ni ganda: jeusi, jembamba chini ya milimita moja, mara nyingi linang'aa kama limepakwa lakeri.

Na kuna Ivuna. Ilianguka Tanganyika Desemba 16, 1938, gramu 705 zikaokolewa. Ni laini, nyeusi kama mkaa, madini yake ni udongo uliojaa maji pamoja na magnetiti, na kondruli hazimo. Aina nzima ya kondraiti, CI, imechukua herufi I kutoka jina la mahali hapo. Japani ilipoleta mchanga wa asteroidi Ryugu mwaka 2020, jiwe la kulinganisha nalo lilikuwa la Ivuna. Jiwe kama hilo likinyeshewa mvua kubwa moja au mbili linamong'onyoka likawa tope, kwa hiyo mtu akiona kitu kimeanguka na kuacha vipande vyeusi laini, aviokote siku hiyohiyo kwa mikono mikavu.

Kiasi cha kukata

Jina rasmi hutolewa na kamati ya majina ya Jumuiya ya Meteoritiki, na hufuata mahali jiwe lilipopatikana, kwa hiyo andika vipimo vya GPS kabla ya kulinyanyua. Kamati inadai sampuli ibaki kwenye taasisi inayotambulika: asilimia 20 ya jiwe au gramu 20, ipi iliyo ndogo. Jiwe la gramu 60 linakutoka gramu 12. La nusu kilo linakutoka 20 tu. Kabla ya kukata uliza pia sheria ya nchi. Oman hairuhusu vimondo kutoka bila kibali, na jiwe lililovuka mpaka kwa siri hubaki na doa hilo hata likiwa limepimwa vizuri. Mwambie fundi wa msumeno wa almasi akate pembe yenye kutu kidogo kuliko nyingine, apoze kwa spiriti badala ya maji, na akuachie ubavu mmoja wenye ganda bila kuugusa.